Mto wa Kulalia Umegeuka Mto wa Maji

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni fundi wa fibaglasi na mashua, mzaliwa wa Mtongwe, mwenye karakana Eneo la Viwanda, Nairobi.

SWALI

Shikamoo Fundi. Nina mashua ndogo ya tanga, futi 19, ya fibaglasi, yenye kebini ya vitanda viwili. Niliinunua Naivasha kwa mzee aliyekuwa akirudi kwao Uingereza. Ziwa lilipopanda na pale nilipokuwa nikiiegesha pakawa kinamasi, niliipakia kwenye trela nikaileta nyumbani. Sasa iko uani chini ya mti, mlingoti nimeulaza juu yake, mpaka nipate mahali pengine pa kuiweka. Tangu vuli ianze, kila mvua inyeshapo usiku nakuta mto wa kitanda cha kushoto umelowa chapachapa, na sakafuni maji ya vidole viwili. Nimemwita fundi wa mtaani mara tatu akapaka silikoni kuzunguka madirisha yote, ambayo ni paspeksi, ile plastiki angavu kama kioo, iliyofungwa kwa bolti kwa nje. Mara ya kwanza ilitulia wiki moja. Mara ya tatu haikutulia hata siku moja, na bolti zimeanza kulia kutu. Mke wangu anasema niiuze nifuge samaki. Unanishauri nini?

Nahodha wa Nchi Kavu, Lang'ata

JIBU

Marahaba, nahodha. Mwambie shemeji avumilie mpaka Krismasi, mashua haiuzwi kwa sababu ya mto mmoja.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikinywa chai, mara ya pili nikiwa na penseli, nikapigia mstari maneno matatu: mti, mlingoti, silikoni. Mawili ya kwanza umeyataja njiani tu, kama mtu anayeeleza uani kwake kulivyo. Kwangu mimi hayo ndiyo barua yenyewe.

Tuanze na mti. Lang'ata, vuli, mti wa kivuli uani: naweka dau kwamba ni mjakaranda. Ua la mjakaranda lina umbo la tarumbeta ndogo, na likilowa linakuwa mlenda. Nyuma ya mashua yako, pale mnapokaa kushika usukani, chini kuna matundu ya kutolea maji, kila moja upana wa kidole gumba au pungufu. Maua kumi yanatosha kuyaziba. Mvua ya saa mbili ikijaza sehemu hiyo, maji yanapanda hadi kizingiti cha mlango wa kebini na kuingia mlangoni kwa adabu, kama mgeni aliyealikwa. Hapo hakuna dirisha lililovuja.

Halafu angalia trela imesimamaje. Majini mashua hukaa sawa yenyewe, lakini juu ya trela inakaa vile ulivyoiweka wewe. Kama gurudumu dogo la mbele liko chini, omo, yaani pua ya mashua, imeinama, na maji ya nyuma yanakimbilia mlangoni badala ya kukimbilia matundu yaliyo upande wa tezi, nyuma kabisa. Weka ubao mnene na matofali chini ya lile gurudumu, omo ipande kama shubiri moja, ufunge magurudumu makubwa kwa mawe isije ikakuteremkia. Zibua matundu kwa waya, kisha mimina ndoo ya lita 20 pale nyuma usimame utazame. Yakijikusanya na kuondoka kwa kusitasita, bado kuna maua ndani ya bomba.

Hayo nadhani ndiyo maji yako ya vidole viwili. Maji ya ule mto wa kitandani ni kesi nyingine, na kesi hiyo ndiyo inayowala watu pesa.

Wakazi wa zamani wa jiji wanakumbuka kwamba kabla gugu maji halijalifunika Bwawa la Nairobi, watu walikuwa wakipiga tanga pale, kati ya Lang'ata na Kibera. Mimi nilipanda gari moshi kutoka Mombasa mwaka 1986 kuja kufanya kazi ya matangi na mabeseni ya fibaglasi, na Jumapili nikawa nateremka bwawani kutengeneza mashua za watu. Kulikuwa na moja yenye kebini, ndogo kuliko yako, iliyokuwa ikidondosha maji juu ya kitanda cha kulia, sentimita 10 tu kutoka dirishani. Nani asingelilaumu dirisha? Nikalitoa, nikalirudisha kwa gundi mpya. Ikavuja. Nikalitoa tena. Ikavuja. Mwenyewe akaanza kunisalimia kwa mkato.

Basi usiku mmoja wa Aprili nilijifungia humo na tochi, nikalala chali, mvua inapiga. Mchana nilikuwa nimepaka poda ya mtoto dari nzima, nyeupe kama keki. Nusu saa nzima sikuona kitu, nikaanza kujiuliza kilichonitoa Mtongwe ni nini. Kisha nikaona mstari mwembamba mweusi ukijichora kwenye poda, ukitokea mbele kabisa karibu na mlingoti. Ulikuja polepole, ukasimama kama siafu anayewasubiri wenzake, ukaendelea, ukaipita taa, ukafika pale dari linapokutana na ubavu, ukageuka, ukateremka, na tone likaanguka kitandani pale pale. Maji yalikuwa yameingilia zaidi ya mita moja na nusu kutoka hapo, kwenye tundu la waya wa taa ya mlingoti. Lile dirisha lilikuwa zima tangu siku ya kwanza. Pesa za madirisha sikumdai yule bwana, na chai ya usiku ule nilijinunulia mwenyewe.

Mashua nyingi za fibaglasi zina ngozi mbili juu: sitaha yenyewe, na dari la ndani la kupendezesha. Katikati ni uwazi. Tone likiingia kwa juu, linatembea ndani ya uwazi huo likifuata mteremko mpaka likute kiungo, skrubu au pembe ya kujiachilia. Halidondoki pale lilipoingia, linadondoka pale lilipochoka kutembea. Ndiyo maana mashua ileile huvuja kitanda cha kushoto ikiwa kwenye trela na cha kulia ikiwa ziwani.

Sasa mlingoti wako umelala. Ulipokuwa umesimama, waya wa taa ya juu ulipita kwenye plagi iliyo sitahani karibu na mguu wake. Ulipoulaza ulichomoa waya. Kifuniko cha plagi ulikirudisha? Wengi hawakirudishi, kimefungwa kwa kijiuzi na kijiuzi kilikatika zamani. Kabla hujanunua chochote, kaangalie hapo. Ukikuta tundu wazi, lifunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kamba wakati unatafuta kifuniko. Zamani ningekwambia mfuko wa plastiki, lakini tangu 2017 tumeambiwa tuusahau.

Kama plagi ni nzima, tafuta siku kavu na mtu mmoja wa kukusaidia. Toa magodoro, toa dari lolote linalotoka kwa skrubu, lililobaki lipake poda. Mmoja aingie ndani na tochi na kufunga mlango, mwingine akae nje na mpira wa maji bila presha, maji yateremke kama mvua inavyoteremka. Ile mashine ya kuoshea magari iache pale pale kwa waosha magari, kwa sababu inasukuma maji kwenye mpira mzima ambao mvua haijawahi kuupita, na utaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Anza chini, panda juu. Kwanza kiungo cha sitaha na ubavu, pembezoni mwote. Kisha ukingo wa chini wa dirisha, kisha ukingo wa juu. Kisha vinguzo vya ukingoni, vyuma vya kufungia kamba, yale mabamba yanayoshika waya za mlingoti, kifuniko cha omo, na mwisho kabisa mguu wa mlingoti. Kila mahali dakika 10 kwa saa ya mkononi. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali kwa pamoja, wa ndani atapiga kelele "naona!" na hamtajua ameona nini. Pale panapopita maji, weka alama ya chaki ndani na nje.

Kuna na njia ya kinyume ambayo naipenda zaidi kwa mashua ndogo. Ziba matundu yote ya hewa kwa tepu ya karatasi, mlangoni ukate kadibodi yenye tundu la feni au mashine ya kupulizia hewa, uipulizie kebini hewa kutoka nje. Haihitaji nguvu nyingi. Kisha mmoja apite juu na maji ya sabuni na brashi. Pale penye ufa sabuni inapanda mapovu yenyewe, na wewe umesimama nje na chai yako badala ya kulala chali kama mimi.

Nimefika kwenye silikoni. Fundi wako simlaumu sana, ulimwita apake naye akapaka. Lakini kupaka kwa nje ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Maji yaliyokwisha kupita nyuma ya paspeksi sasa hayana pa kutokea. Bolti inakaa ndani ya maji yaliyotuama yasiyo na hewa, na hata chuma cha pua, ambacho watu wanadhani hakipati kutu, katika hali hiyo huliwa taratibu kuanzia shingoni. Tena ile silikoni ya bei nafuu inayonuka siki ikiwa mbichi, ile harufu ni asidi, na asidi na chuma hawajawahi kuwa marafiki. Kutu unayoiona imeanzia hapo.

Ubaya wa pili wa silikoni ni kwamba haiondoki. Hakuna thina itakayoiyeyusha ikaisha. Unaikwangua kwa kisu butu na plastiki ngumu, kisha unapiga msasa fibaglasi mpaka ngozi mpya. Ukidhani umemaliza, nyunyiza maji. Pale yanapotandaa, pako safi. Pale yanapojikunja matone na kukimbia kama kwenye jani la nduma, silikoni bado ipo, na hapo hakuna gundi, rangi wala epoksi itakayoshika. Rudia. Kazi hiyo itakula Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili. Usiifupishe.

Paspeksi yenyewe ioshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu tu. Asetoni usiisogeze karibu, itaijaza nyufa ndogo kama za chungu cha zamani, na hazifutiki.

Kwa nini dirisha la namna hiyo huvuja hata likifungwa vizuri? Kwa sababu paspeksi hukua na kusinyaa kuliko kitu kinachoishika. Kwa kila mita moja hurefuka kama milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua dirisha la sentimita 60. Alfajiri Lang'ata ni nyuzi 15, saa saba mchana, jua likipiga plastiki ya rangi ya moshi, inaweza kufika 50. Hiyo ni karibu milimita moja na nusu ya kunyooka kila siku, na fibaglasi iliyo chini yake haifuati hata nusu ya hapo. Kama bolti imekaza paspeksi sawasawa na tundu limeibana bolti, kitu fulani lazima kikubali kushindwa. Hushindwa gundi, na ikikataa, paspeksi inapasuka kuanzia tunduni.

Dawa ni kuiachia nafasi ya kupumua. Kama bolti ni ya milimita 5, tundu la paspeksi litanue lifike 7, kwa biti iliyonoleka na drili inayokwenda polepole. Kati ya paspeksi na ukuta wa kebini gundi iwe na unene wa milimita 2 au 3. Watu hukaza mpaka gundi yote inafurika nje wakaona wamefanya kazi safi, kumbe kilichobaki ndani ni unene wa karatasi. Kata vipande vidogo vya mpira vya unene huo uvipange pembeni vizuie, kaza kwa vidole, acha gundi ikauke kwa siku zilizoandikwa kwenye kopo, kisha ndipo uongeze robo ya mzunguko kwa spana.

Gundi gani? Hapa nitameza maneno yangu mbele yako. Kwa paspeksi, gundi nyingine za mashua zinaila plastiki, hasa zile za jamii ya polisalfaidi, ambazo kwenye chuma na mbao ni nzuri mno. Inayovumilia ni silikoni, lakini ile nzito isiyonuka siki, wanayotumia mafundi wa vioo vya maghorofa ya Upper Hill. Vioo vile vimekaa juani juu kule na hujasikia vikidondoka. Nimeichukia silikoni miaka yote hii na bado kwa kazi hii moja ndiyo ninayoitumia. Pengine popote kwenye mashua, hapana.

Pengine popote natumia utepe wa butili. Ni kitu kama ubani wa kutafuna, au bigijii kama mnavyosema Nairobi, unakuja umekunjwa kwenye karatasi. Haukauki miaka nenda rudi, unabaki laini, unafuata chuma kikinyooka na kikisinyaa. Ulizia kwa wauza vifaa vya paa, au kwa wafunga vioo vya magari kule Kirinyaga Road. Ila uujaribu kabla ya kulipa: vuta kipande. Wa kweli unarefuka kama uzi wa ubani na hauachi weusi kidoleni. Ukinuka lami na kukatika upesi, huo ni wa lami, mwachie mwenyewe.

Namna ya kuutumia ni hii, na nitakwenda polepole kwa sababu hapa ndipo penye siri. Fungua chuma chote, toa bolti, safisha. Tundu la sitahani lichonge mdomo kwa biti pana, liwe kama faneli ndogo ya kina cha milimita 2 au 3. Tandaza utepe chini ya chuma. Kisha chukua kipande kingine ukiviringishe kwa vidole kuzunguka shingo ya bolti, chini ya kichwa, kiwe umbo la koni. Ukipitisha bolti, koni ile inakaa ndani ya faneli, na ukikaza inageuka kizibo kinachobanwa kila upande. Sasa kaza kwa kuzungusha nati kutoka ndani, kichwa cha juu kikishikwa kisizunguke hata kidogo. Kikizunguka kinachana kizibo ulichokitengeneza. Hiyo ni kazi ya watu wawili, na ndiyo kazi shemeji anayoweza kukusaidia kama bado mnasemezana. Butili itafurika taratibu pembeni. Kaza kidogo leo, kidogo kesho, kidogo Jumapili ijayo. Kwa baridi ya Julai mngengoja zaidi. Kilichofurika kikate kwa kisu cha plastiki.

Kabla ya hayo yote, lakini, gonga sitaha. Chukua sarafu ya shilingi 20, gonga kuzunguka kila bolti. Ikilia "ko ko" kavu, shukuru. Ikilia "du" kama boga lililoiva mno, maji yameingia ndani ya sitaha yenyewe, si ule uwazi wa dari, maana nayo ina ngozi mbili za fibaglasi ambamo katikati mara nyingi kuna plaiwudi au mbao laini ya balsa, na imeanza kuoza. Kama ni eneo la sahani ndogo, toboa tundu la bolti kutoka milimita 6 hadi 12, kwangua ubovu, acha pakauke kabisa, chini ziba kwa tepu, jaza epoksi iliyokorogwa na unga wake mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, ngoja siku mbili, kisha toboa tena milimita 6 katikati. Sasa maji yakiingia siku moja yatakutana na jiwe, hayataionja mbao. Kama ni eneo la meza, hiyo ni barua nyingine na bajeti nyingine, na usiifungue mvua ikiwa inanyesha.

Wakati unayafanya haya tandika turubai, la lori, ule mlingoti uliolala ndio uwe kenchi ya paa, na uache pande mbili wazi hewa ipite. Mto utoe humo leo.

SWALI

Hujambo Fundi, sisi ni dada watatu. Tumerithi mashua ya mbao ya marehemu baba, imefungwa kwenye hori ya Kilifi. Tunakaa Ruaka, tunateremka mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Kila tukifika ngama, kule chini kabisa ndani ya mashua, ina maji. Mlinzi anasema ni mvua, jirani anasema mashua inavuja chini. Tumwamini nani? Tena Aprili mvua ya kwanza ilimwagika kebini kama tumekaa chini ya chujio, na baada ya wiki moja ikakoma yenyewe bila kuguswa. Tuliogopa kidogo.

Mabinti wa Nahodha, Ruaka

JIBU

Poleni kwa msiba, wanangu, Mungu amrehemu. Wala hakuna cha kuogopa.

Kwa swali la kwanza mnao ulimi. Lakini msionje ya ngama, mle kila kitu kimechanganyika na yana mafuta ya injini. Onjeni tone linalodondoka, pale linapodondoka. Hata tone la mvua linaweza kuja na chumvi kidogo iliyokauka sitahani, basi onjeni la pili na la tatu. Na mlinzi mpeni penseli. Apige mstari kwenye ubao wa ngama penye usawa wa maji kila Jumatatu, aandike tarehe na kama mvua ilinyesha. Mwezi mmoja wa mistari utawaambia ukweli kuliko jirani na mlinzi kwa pamoja. Yakipanda wiki kavu, yanatoka chini.

Kwa swali la pili, hiyo ndiyo tabia ya sitaha ya mbao. Kaskazi yote, kuanzia Desemba mpaka Machi, jua na upepo mkavu vimeikausha, mbao zimesinyaa, kalafati, ile pamba ya kuzibia, imelegea katika viungo. Masika yakaingia, mvua ya kwanza ikapita kati ya mbao bila hodi. Wiki moja baadaye mbao zimekunywa maji, zimefura, zimebanana tena. Hakuna aliyeiziba, imejiziba.

Babu yangu pale Mtongwe alikuwa na mashua yake, na kaskazi nzima sisi wajukuu tulikuwa na kazi moja kabla ya chuoni na moja baada ya alasiri: kuteka maji ya bahari kwa upo na kuimwagia sitaha. Nilidhani anatutafutia shughuli tu. Kumbe alikuwa anaizuia mbao isisinyae. Na alisisitiza bahari, si kisima. Chumvi inashika unyevu ndani ya mbao, halafu ule ukungu unaoozesha mbao hauipendi chumvi. Kinachoila mashua ya mbao kwa juu ni maji ya mvua, matamu, yanayotuama kwenye pembe za kebini. Mlinzi wenu aongezewe kidogo, amwage ndoo kumi asubuhi na kumi jioni kuanzia kaskazi hii inayoingia.

Kiungo ambacho ukucha unazama ndani yake hicho hakitajiziba. Muiteni fundi wa Kilifi au Mtwapa anayejua kutia kalafati kwa pamba na mafuta na nyundo ya mbao, wapo. Akija mtu na epoksi ngumu ya kujazia viungo, mpeni soda aende zake. Mbao zikifura na kukuta jiwe katikati, zitasukumana mpaka misumari ing'oke.

SWALI

Fundi, ule utepe wa lami wenye ngozi ya fedha wa kuziba paa la mabati, si unaweza kuziba na sitaha ya mashua? Ninao roli nzima.

Kayole

JIBU

Unaweza, kwa wiki sita. Kisha jua la mchana litailainisha lami, itatambaa, itashika nyayo zako, kamba zako, na suruali nyeupe ya mgeni wako. Siku ya kuutoa utasugua kwa mafuta ya taa mpaka uichukie mashua. Kama una banda la kuku, roli moja inatosha.